"Kwangu Inafanya Kazi" Haivushi Lori

Kuna sentensi moja ambayo nikiisikia tena kwenye kikao cha wasee wa kompyuta, nitasimama nitoke nje nikatafute chapati. Ni hii: "Lakini kwangu inafanya kazi."

Huwa inasemwa kwa sauti ya mtu asiye na hatia. Mteja amepiga simu, rekodi hazionekani, kuna mtu amekwama mahali, na kijana aliyeandika programu anageuza laptopu yake muione wote. Si mnaona? Kwangu inafanya kazi. Kwako wapi, bro? Kwako kuna kompyuta moja, hifadhidata moja, na mtumiaji ni wewe peke yako. Hakuna foleni. Hakuna mtandao wa kukatika kati ya seva na seva, kwa sababu seva ya pili haipo. Hata mimi nikiwa peke yangu chumbani ni rais.

Naandika kwa hasira, lakini sijiweki kando. Nimewahi kuisema sentensi hiyo mwenyewe. Niliisema Malaba, mbele ya mzee aliyekuwa amelala kwenye lori usiku mbili kwa sababu yangu.

Stori yenyewe ni hii. Mwaka wa pili wa chuo karo ilinishinda, nikarudi nyumbani na laptopu ya mtumba, RAM gigi 8, betri ya dakika 40. Nyumbani ni Malaba, upande wa Kenya, pale ambapo barabara inayotoka Mombasa inaacha kuwa barabara inakuwa foleni. Hapa kila mtu anakula kwa mpaka: wa lori, wa boda, wa kubadilisha pesa, mama wa chapati, na mawakala wa forodha wanaoshughulikia makaratasi ya mizigo. Ofisi moja ndogo ya wakala ikanipa kijikazi. Walikuwa wanaandika namba ya gari, ya kontena na ya sili kwenye kitabu, wanapiga picha ukurasa, wanamtumia mwenzao wa ng'ambo kwa WhatsApp aanze kuandaa makaratasi kabla gari halijafika getini. Nikawaambia, hiyo ni kazi ya wikendi mbili.

Ikawa kweli wikendi mbili. Nilitumia MongoDB kwa sababu ndiyo niliyofundishwa na video za YouTube. Kwenye laptopu yangu hifadhidata ilikuwa moja. Kule kwenye wingu, huduma tuliyokodi ilikuja na tatu: kiongozi mmoja anayepokea maandishi, na wafuasi wawili wanaonakili kila anachoandika. Sikujali. Moja, tatu, si zote ni hifadhidata?

Wiki sita mambo yakawa fiti. Halafu usiku mmoja kiongozi akadondoka, jambo ambalo hutokea kwa seva yoyote siku yoyote. Dada wa ofisi alikuwa ameingiza magari manne. Mara nne skrini ilimwambia "Imehifadhiwa." Asubuhi yalikuwepo mawili. Mwenzao wa ng'ambo hakuona hayo mengine, kwa hivyo hakuandaa chochote, na lori moja likakaa. Dereva alikuja ofisini siku ya pili. Hakupiga kelele. Aliniangalia, akasema, "Kijana yangu, mimi sijui kompyuta. Huyu dada aliniambia nimeandikwa. Sasa niambie wewe: niliandikwa ama sikuandikwa?"

Ndipo nikafungua laptopu, nikamwonyesha mzee wa watu kwamba kwangu inafanya kazi.

Ilinichukua wiki nzima kuelewa nilichokuwa nimefanya. Kwenye msimbo wangu nilikuwa nimenakili mstari mmoja kutoka kwa mafunzo ya zamani, ulioiambia hifadhidata: ukipata jibu la seva moja, hiyo inatosha, endelea. Mwenye mafunzo alisema inaongeza kasi. Kwa hivyo kiongozi alipokea yale magari mawili ya mwisho, akasema ndiyo, akadondoka kabla wafuasi hawajanakili. Wafuasi wakafanya uchaguzi, wakapata kiongozi mpya. Yule wa zamani alipofufuka alijikuta na maandishi ambayo wenzake hawayajui. Sheria ya klasta hapo haina huruma: wengi wape. Maandishi yake yakaondolewa, naye akapanga foleni nyuma ya kiongozi mpya. Hakuna mdudu hapo. Klasta ilifanya vile ilivyoandikiwa kufanya. Mimi ndiye niliyetoa ahadi ambayo sikuwa na uwezo wa kuitimiza. MongoDB wenyewe walibadilisha kawaida hiyo kuanzia toleo la 5.0, mwaka 2021, ili maandishi yasubiri wengi wakubali. Nilikuwa nimeizima kinga hiyo kwa mkono wangu, na kwa laptopu yenye hifadhidata moja hakuna njia ambayo ningejua. Mmoja akiwa peke yake, yeye ndiye wengi.

Basi hoja yangu ni hii, na siipunguzi: kama programu yako itaishi kwenye klasta, izaliwe kwenye klasta. Iendeshe kwenye laptopu yako mwenyewe, kwa kontena tatu, na uivunje kwa makusudi kabla haijamvunjikia mtu asiyejua kompyuta.

Kontena ninazosema si zile zilizo kwa lori, ingawa jina limetoka huko. Aprili 26, 1956, Mmarekani Malcom McLean alipakia masanduku 58 ya chuma kwenye meli ya Ideal-X kutoka Newark hadi Houston, na tangu hapo mzigo ukaacha kufunguliwa na kupangwa upya kila ukibadilisha chombo. Machi 2013 Solomon Hykes alionyesha Docker kwa dakika tano tu kwenye mkutano wa watu wa Python huko California, na wazo lilikuwa lilelile: funga programu pamoja na kila inachohitaji, iende popote bila kufunguliwa. Kwa sisi tusio na pesa, maana yake ni kwamba laptopu moja inaweza kubeba seva tatu ambazo kila moja inadhani iko peke yake, zina mtandao wao, na unaweza kuukata huo mtandao ukiwa umekaa kitandani.

Kwa nini tatu, si mbili? Swali hilo mtoto wa Busia angelijibu kabla ya profesa. Busia ziko mbili, ya Kenya na ya Uganda, na mstari unapita katikati ya watu wanaosalimiana kila asubuhi. Neno boda boda lenyewe linasemekana lilizaliwa hapo, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wanakuvusha kutoka boda hadi boda. Sasa chukua vitabu viwili, kimoja kila upande, vyote vinaandika magari yaleyale. Laini ikikatika katikati, wa huku anajuaje kama wa kule amekufa, ama ni simu tu haiingii? Hawezi kujua. Akiendelea kuandika kama bosi, na wa kule naye aendelee kama bosi, laini ikirudi mna vitabu viwili vya ukweli na hakuna wa kuamua. Wote wawili wakinyamaza kwa woga, kazi imesimama pande zote. Seva mbili ni ugomvi usio na mzee wa kuamua. Ya tatu ndiyo inayofanya wawili wawe wengi na mmoja ajue amebaki peke yake, akae kimya.

Kabla ya vituo vya pamoja vya mpakani, lori lilikuwa linasimama mara mbili, upande huu halafu upande ule. Cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa nchi zote mbili Februari 2018, na utaratibu wake ni kwamba gari linashughulikiwa upande linaoingia tu, maafisa wa nchi zote wakiwa hapo pamoja. Yaani kwa kila safari kuna mahali pamoja pa kuamua. Waliopanga hilo hawakuwa wanawaza hifadhidata, lakini tatizo lilikuwa la jamii moja.

Kitu ninachoita "wengi" kina jina ambalo kila Mkenya amelisikia kwenye habari: akidi. Mwaka 1998 Leslie Lamport alichapisha karatasi iliyoeleza njia ya seva kukubaliana kwa kisa cha bunge la kisiwa cha Ugiriki, ambalo wabunge wake walikuwa wanaingia na kutoka wapendavyo. Hapo msomaji wa Nairobi anacheka, kwa sababu analijua bunge hilo. Lakini tofauti ni moja na ni kubwa. Katiba yetu, kifungu cha 121, inasema akidi ya Bunge la Taifa ni watu 50, na wabunge wako 349. Hifadhidata haiwezi kukubali hesabu hiyo. Hamsini wangekaa chumba hiki wapitishe sheria, na hamsini wengine chumba kile wapitishe kinyume chake, na zote ziwe halali. Klasta inataka zaidi ya nusu, kila mara: wawili kati ya watatu, watatu kati ya watano. Na ndiyo maana kuongeza seva ya nne hakukupi kitu, maana akidi inapanda hadi tatu, na bado unaweza kupoteza moja tu.

Sasa wapinzani. Nawajua, tunanunua rolex kwa mtu mmoja.

Wa kwanza anasema: hizo ni habari za Google, sisi tuko na wateja 20. Bro, wateja 20 hawazuii seva kudondoka. Klasta ya laptopu haikufunzi ukubwa, inakufunza kuharibikiwa. Na hao wakubwa wenyewe huumia papo hapo. Oktoba 21, 2018, mtandao kati ya vituo viwili vya GitHub pwani ya mashariki ya Marekani ulikatika kwa sekunde 43. Sekunde 43! Hata chai haijapoa. Kiongozi mpya wa hifadhidata akachaguliwa upande mwingine wa nchi, huku upande wa kwanza ukiwa na maandishi ambayo hayakuwa yamenakiliwa. Huduma yao ilichechemea kwa saa 24 na dakika 11 wakijaribu kupatanisha vitabu viwili. Kama sekunde 43 zinawafanyia hivyo watu wenye wahandisi wa kila aina, fikiria zitakachokufanyia wewe na mstari wako wa kunakili.

Wa pili anasema: si ujaribu moja kwa moja kwenye wingu, kuna la bure. Sawa, mwenye bando aende. Hapa kwetu bando ni hesabu ya kila siku, na simu ikikaa vibaya inashika mtandao wa Uganda. Picha ya hifadhidata kwa Docker unaipakua mara moja. Baada ya hapo hata intaneti ikienda wiki nzima, klasta yako iko hapo mezani. Tena lile la bure ni la mwenyewe, hakuruhusu kuingia chumba cha mashine ung'oe waya. Mimi nataka kung'oa waya. Kung'oa waya ndiyo somo.

Wa tatu ana akili, kwa hivyo namheshimu. Anasema kontena tatu kwenye laptopu moja si klasta ya kweli: diski ni moja, stima ni moja, laptopu ikizima zote zimezima. Ni kweli, na mtu asikudanganye. Usipime kasi hapo, na usiseme umejiandaa kwa moto. Unachopima ni tabia ya msimbo wako: kiongozi akipotea, unajaribu tena ama unaanguka naye? Unasema "Imehifadhiwa" kabla ama baada ya wengi kukubali? Tabia haihitaji diski tatu.

Wa nne ananiambia mama wa duka anayeandika madeni ya unga hahitaji klasta. Nakubali kabisa. Faili moja la hifadhidata linalonakiliwa kila jioni kwenye simu linamtosha, na ukimwekea seva tatu umemwibia. Sisemi kila kitu kiwe klasta. Nasema usiseme uongo kuhusu mahali programu yako itakapoishi. Kule ikiwa moja, hapa iwe moja. Kule zikiwa tatu, hapa ziwe tatu.

Anayebaki ni yule wa "laptopu yangu haiwezi," na huyu namjibu kwa namba. MongoDB isipowekewa mpaka hujitengea akiba ya kumbukumbu nusu ya RAM baada ya kutoa gigi moja. Kwa gigi 8 hiyo ni gigi 3.5. Mara tatu ni 10.5, kwenye mashine ya 8. Ndiyo maana yako iliganda ukasema klasta ni za matajiri. Iambie kila moja itumie robo gigi, ndicho kiwango cha chini inachokubali, na zote tatu zitakaa vizuri huku kivinjari chako kikiwa wazi. Ukiwa na gigi 4, fanya kazi na moja siku za kawaida halafu washa tatu siku ya kujaribu, kivinjari kikiwa kimefungwa.

Kuna mtego mwingine ambao umefukuza wengi. Hizo kontena huitana kwa majina waliyopewa ndani ya mtandao wa Docker. Programu yako ikiwa nje inauliza kiongozi ni nani, inaambiwa "ni mongo1," na laptopu yako haimjui mongo1. Ni kama kuelekezwa "kwa mama wa kona" na wewe si wa mtaa huo. Ama uiweke programu yako ndani ya mtandao huohuo, ama uandike majina hayo kwenye faili la hosts la laptopu na kila kontena ipewe mlango wake: 27017, 27018, 27019. Na data iwe kwenye voliumu, nje ya kontena. Ukifuta kontena isiyo na voliumu, umefuta na mzigo.

Halafu vunja. Usiulize ruhusa. Kata wafuasi wawili kwa docker network disconnect. Kabla sekunde kumi hazijaisha, muda ambao kiongozi anagundua amebaki peke yake na kujiuzulu, mwandikie gari moja ukiwa na mpangilio wangu ule wa "seva moja inatosha." Atasema ndiyo. Sasa muue kwa docker kill. Warudishe wafuasi kwenye mtandao, wachague mpya. Kisha mwashe wa zamani, utafute gari lako. Halipo. Jifanyie hivyo mara moja, chumbani, ukiwa na chai, na sidhani utauandika tena mstari ule maisha yako yote. Badilisha sasa usubiri wengi, rudia. Safari hii hifadhidata itakataa kukuambia ndiyo. Kukataa huko ndiko kitu nilichopaswa kumpa yule dada.

Chuoni tulifundishwa mambo haya. Kulikuwa na somo zima, ubaoni, na kwenye mtihani ukiandika maana ya akidi kwa sentensi mbili unapata alama mbili. Nilizipata. Hakuna aliyetuambia tuue seva. Na hizi kozi za miezi sita za mjini nazo zinafunza hifadhidata moja isiyokufa, halafu zinamtuma kijana sokoni akiwa na cheti na sentensi moja ya kujitetea. Nikisema hivi naambiwa nina uchungu wa mtu aliyeacha chuo. Pengine ninao. Lakini mzee wa lori hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama aliandikwa.

Ile ofisi haikunifukuza, na mpaka leo sijui kwa nini. Nililipa chakula cha dereva na maegesho ya usiku mbili kutoka kwa malipo yangu, nikaandika upya. Sasa kila Ijumaa jioni, kabla ya kusukuma mabadiliko yoyote, dada wa ofisi anakaa kando yangu anaingiza magari ya uongo kwenye klasta ya laptopu, nami naua kiongozi bila kumwambia ni saa ngapi. Anapenda sana mchezo huo. Hukasirika tu skrini ikichelewa.

Kiongozi akifa, skrini yake siku hizi inaandika: "Subiri, bado haijahifadhiwa." Nilidhani atalalamika kwamba inamchelewesha. Alisema, "Afadhali. Nikiambiwa nisubiri, namwambia dereva asubiri. Nikidanganywa, namdanganya na yeye."